Maisha ya C. S. Lewis, Mkristo aliyeandika habari za mchawi

Kuko mabishano kati yetu juu ya hadithi za uchawi. Wamoja wanasema Mkristo hapashwi kusoma hata ukurasa mmoja wa kitabu chenye mchawi ndani yake, na wanaonyesha Kumbukumbu la Torati sura ya 18, pahali Mungu anakataza uaguzi, kuloga na kuuliza wafu. Wengine wanacheka na kujibu kwamba hadithi ni hadithi tu. Mbele ya kuendelea kubishana, tujue kwanza maisha ya mtu mmoja aliyekuwa Mkristo wa kweli, tena aliyeandika hadithi ya mchawi inayosomwa na watoto wa inchi nyingi. Jina lake C. S. Lewis. Wengi wetu tunajua neno Narnia kwa sababu ya filimu zilizoanza kutoka mwaka 2005, lakini mtu mwenyewe hatumjui.

Alizaliwa Belfast, katika inchi ya Irlandi, tarehe 29 Novemba 1898. Majina yake yalikuwa Clive Staples, lakini alipokuwa mtoto mdogo aliyakataa, akasema yeye ni Jack, na ndugu na rafiki wakamwita Jack mpaka kufa kwake. Baba yake, Albert, alikuwa avoka. Mama yake, Flora, alikuwa binti wa mchungaji wa Kianglikana, tena alikuwa amesoma hesabu kwenye masomo ya juu wakati wanawake wachache sana walifika kule. Alikuwa na kaka mmoja, Warren. Nyumba yao ilijaa vitabu: sebuleni, kwenye ngazi, vyumbani, mpaka chini ya paa. Hakuna aliyewakataza kitabu chochote. Siku za mvua, na kule mvua ni ya kila siku, wale vijana wawili walikaa juu wakiandika hadithi za wanyama wenye kusema.

Mwaka 1908 mama yao akashikwa na kansere. Jack alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amesikia kwamba maombi ya imani yanajibiwa, basi akajikaza sana kuamini kwamba mama atapona. Mama akafa mwezi wa nane. Alipokuwa mtu mzima, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1955, aliichungua ile sala ya utoto bila kujihurumia. Alisema hakuwa amemwendea Mungu kama Mwokozi, wala kama Hakimu. Alimwendea kama mfanya-uchawi: afanye ile kazi moja, kisha aende zake, mambo yabaki kama zamani. Ninaomba msomaji ashike neno hilo vizuri, sababu Lewis hakuliacha katika maisha yake yote.

Hata wiki nyingi hazikupita baada ya maziko, baba akamtuma Uingereza kwenye masomo ya ndani. Yule mkubwa wa shule alikuwa mtu wa kupiga watoto bila sababu, na mwishoni ilionekana kwamba akili yake imeharibika. Sitakaa hapo, tuliosoma interna tunaweza kujifikirisha wenyewe.

Kutoka 1911 alisoma katika shule ndogo kwenye mji wa Malvern. Pale palikuwa mama mmoja mwenye kutunza watoto wagonjwa na nguo zao. Alikuwa mwema, na Jack asiye na mama alimpenda. Lakini yule mama mwenyewe alikuwa anatafuta-tafuta njia za siri: habari za roho za wafu, nguvu zisizoonekana, elimu ya waliofichwa. Hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo maneno yake yaliingia ndani ya kijana kama mbegu. Lewis aliandika kwamba kutoka siku zile alipata kiu ya mambo ya uchawi, kiu inayofanana na tamaa ya mwili, na kwamba mtu akiisha kuipata, vitu vingine vyote vya dunia vinaonekana havina utamu. Imani yake ya Kikristo ikalegea, ikaanguka. Alipofika miaka kumi na tano hivi alikuwa amekwisha kusema moyoni kwamba hakuna Mungu.

Basi tuone vizuri. Huyu hakuandika juu ya uchawi kama mtu anayeuona kwa mbali, kama mchezo. Alijua namna unavyovuta.

Alipelekwa tena kwa mwalimu mmoja mzee, Kirkpatrick, katika eneo la Surrey, aliyemfundisha Kigiriki, Kilatini, na zaidi ya yote kutosema neno bila ushahidi. Mzee huyo naye hakuamini Mungu. Wakati wa kukaa kwake, mwaka 1916, Jack alinunua kitabu kwenye gare ya treni, kinaitwa Phantastes, hadithi ya ajabu ya George MacDonald, Mskoti aliyewahi kuwa mchungaji. Alikinunua kwa kupitisha saa tu. Alipokisoma alikuta ndani yake kitu safi, utakatifu, ingawa hakujua bado kuuita kwa jina hilo. Zilikuwa hadithi za maajabu, lakini hazikumwamshia ile kiu mbaya ya Malvern. Mimi ninaona hapa ndipo alipojifunza kwanza kwamba maajabu ya hadithi na uchawi wa kweli si kitu kimoja.

Kisha vita. Alifika mbele ya mapigano huko Ufaransa siku ile ile alipotimiza miaka kumi na tisa, akaumizwa mwezi wa nne 1918. Rafiki yake Paddy Moore alikufa katika vita hiyo. Lewis alimtunza mama wa rafiki huyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka alipokufa 1951.

Mwaka 1923 yalitokea mambo yaliyomtia hofu. Ndugu wa mama Moore, mtu aliyesoma na kuheshimiwa, aliyekuwa amecheza na kuita roho na mambo ya namna hiyo, alishikwa na wazimu ndani ya nyumba yao. Kwa muda wa majuma mawili hivi Lewis alikuwa mmoja wa waliomshika asijiumize, wakati anapiga kelele kwamba mashetani wanamkokota mpaka jehanamu. Akafa nyuma ya siku chache. Munganga angetoa sababu nyingine ya ugonjwa ule, na Lewis mwenyewe alijua hivyo. Lakini tangu siku ile alishika njia ya watu wa kawaida, akaogopa giza lile. Wakati huo, kumbukeni, alikuwa hajawa Mkristo.

Alikuwa mwalimu kwenye Iniversite ya Oxford kutoka 1925. Kumwamini Mungu kulimjia polepole, tena bila kupenda. Usiku mmoja wa Septemba 1931 alitembea na rafiki wawili, Hugo Dyson na J. R. R. Tolkien, yule ambaye baadaye ataandika hadithi kubwa ya pete. Walizungumza mpaka karibu asubuhi juu ya hadithi za kale za miungu wanaokufa na kufufuka. Tolkien alimwonyesha kwamba habari ya Kristo inagusa moyo kama hadithi zile, lakini tofauti yake ni kwamba hii ilitokea kweli. Siku chache nyuma yake, akiwa amekaa katika kigari cha pembeni ya pikipiki ya kaka yake, wakienda kuangalia wanyama wa bustani ya Whipsnade, alikuta anaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Hakuona mwanga, hakusikia sauti. Alipanda pikipiki hajaamini, akashuka ameamini.

Kutoka hapo kalamu yake haikupumzika. Wakati wa vita ya pili aliandika barua za kuwaza za shetani mzee anayemfundisha shetani kijana kazi ya kupoteza watu. Zilitoka katika gazeti la kanisa mwaka 1941, kuwa kitabu 1942, na feza ya gazeti alitaka ipewe wajane wa wachungaji. Katika maneno ya kwanza ya kitabu anaonya juu ya makosa mawili: kosa la kusema hakuna mashetani, na kosa la kuwaamini mpaka kuwafikiria kila saa. Mashetani, kwa maoni yake, wanafurahia yote mawili sawasawa. Kanisa nyingi za kwetu hazina hatari ya kosa la kwanza. La pili linatukalia kabisa. Kuko mahubiri ambamo jina la shetani linatajwa mara kumi, jina la Yesu mara mbili.

Alisema pia kwenye radio ya BBC kutoka 1941 mpaka 1944, na maneno hayo yakakusanywa katika kitabu chake kinachojulikana kuliko vingine juu ya msingi wa Ukristo, 1952. Ndani yake kuko pahali panaponisumbua. Anasema watu wa sasa wasijisifu kwamba ni wema kuliko babu zao waliochoma wachawi: hawawaui kwa sababu hawaamini kama wako, na kama wangeamini kweli kwamba jirani amejiuza kwa shetani ili aue watu, wangesema anastahili kufa. Mtu wa Uingereza anaweza kuandika hayo akiwa ametulia, anakunywa chai. Sisi tunasoma hayo katika inchi ambamo mtoto anafukuzwa nyumbani sababu shangazi ameota ndoto, mpaka Katiba ya 2006 katika kifungu cha 41 ikapaswa kukataza kushitaki mtoto ulozi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto ikaweka azabu. Kwetu neno gumu si kama ulozi uko ao hauko. Neno gumu ni hili: nani amekupa ruhusa ya kusema ni fulani? Bwana Lewis hapo hakuulizwa, na hakujibu.

Lakini ukisoma hadithi zake, kuko namna ya jibu. Mchawi wake mkubwa si bibi mzee maskini, wala yatima mwenye tumbo la njaa. Ni malkia mrefu, mzuri, mwenye gari na askari, na kila mtu anajua ni yeye. Tuje sasa kwenye hadithi hizo.

Mwaka 1939 watoto wa London walitumwa vijijini kwa sababu ya mabomu, wengine wakafikia nyumbani kwake karibu na Oxford. Pale ndipo alipoanza kuandika mistari michache juu ya watoto wanne, akaacha. Kitabu kilitoka mwaka 1950, na watu wa Kifaransa wanakijua kwa jina la simba, mchawi mweupe na kabati. Mtoto mmoja, Edmund, anapewa na mchawi vitu vitamu vilivyologwa, ambavyo anayeonja anataka tena na tena, naye anauza ndugu zake kwa utamu huo. Sheria ya kale inasema msaliti ni mali ya mchawi. Simba Aslan anakufa pahali pake juu ya meza ya jiwe, na asubuhi yuko mzima. Hakuna Mkristo asiyeona Golgota pale. Vitabu vingine sita vikafuata, kimoja kila mwaka, mpaka 1956.

Wanaobisha wana neno moja la nguvu, na sipendi kulificha. Lewis anatumia jina moja, uchawi, kwa matendo ya malkia na kwa sheria ile ya ndani inayomfufua simba. Mtoto anaweza kuchanganyikiwa. Tolkien, rafiki yake, naye hakupenda hadithi hizi, ingawa sababu yake kubwa ilikuwa nyingine: aliona zimechanganya-changanya vitu vya kila aina. Huko Marekani kuko Wakristo waliokataa Narnia kabisa. Kuko wengine walioipokea Narnia, na vitabu vya Harry Potter vilipoanza kutoka 1997 wakavikataa hivyo tu.

Hata hivi, angalieni Lewis anaweka mpaka wapi. Katika kitabu cha 1951, watu wa mfalme kijana Caspian wanashindwa vita. Wamepiga baragumu ya kuomba msaada, msaada hauji. Ndipo mmoja wao, mtu mfupi aliyejaa uchungu, anawaleta usiku wageni wawili wabaya wamwite tena mchawi aliyekufa, kwa sababu, anasema, yule malkia alikuwa na nguvu ya kweli. Mawazo hayo hayahitaji kufasiriwa kwa mtu wa kwetu: nimesali, jibu limechelewa, basi twende kwa mufumu gizani. Ni njia ya mfalme Sauli katika 1 Samweli 28, Mungu alipokaa kimya naye akamwendea yule mwanamke wa Endori. Biblia yenyewe inasimulia habari ile yote, tena kwa urefu, na hakuna aliyesema Biblia inafundisha kuita wafu.

Katika kitabu cha 1953 watoto wawili wanateswa na wakubwa wao shuleni, wanataka kukimbilia Narnia. Msichana anafikiri labda wachore duara chini, wasimame ndani, waseme maneno ya siri. Mvulana, aliyekwisha kukutana na Aslan, anakataa. Anaona simba hatapenda mambo hayo, kwa kuwa ingekuwa kama kumlazimisha. Wanaweza kumwomba tu. Kwangu mimi, pahali pale padogo panapita sura nyingi za vitabu vikubwa. Uchawi unaamuru. Sala inaomba, na anayeombwa anabaki huru.

Na kwa kipimo hicho Lewis hakuwapima walozi peke yao. Tayari mwaka 1943 alikuwa ameandika kwamba uchawi na ile elimu ya kutawala kila kitu ni mapacha, vimezaliwa na hamu moja: dunia ifuate mapenzi yetu. Tunaweza kupima nasi wenyewe. Sisi wa mwaka wa sita tunajua wanafunzi wanaopeleka kalamu kwa mufumu mbele ya Egzame ya Leta, na tunawahukumu. Na yule anayepeleka kalamu ile ile kwenye chumba cha maombi ipakwe mafuta, halafu hafungui kaye yake, yeye anaomba ao anaamuru?

Kitabu cha 1955 ndicho kinachorudi karibu kabisa na maisha yake. Mjomba mmoja anayecheza na uchawi anajiona amepita sheria zilizowekwa kwa watu wadogo, anatuma watoto wa wenyewe pahali asipothubutu kwenda mwenyewe. Mpwa wake, Digory, ana mama mgonjwa wa kufa. Anatumwa kuleta tunda katika bustani, na mchawi anamkuta pale, anamwambia aibe tunda ampelekee mama yake apone. Ni kijana wa Belfast anayejaribiwa tena. Digory analia lakini haibi. Anampelekea Aslan tunda, na alipokuwa hatumaini tena, simba anampa tunda lingine kwa mama yake, na mama anapona. Lewis aliandika hayo karibu miaka hamsini nyuma ya kuzikwa kwa Flora.

Mwaka ule ule, mama mmoja wa Marekani alimwandikia kwa wasiwasi: mtoto wake anampenda Aslan kuliko Yesu, je, ni ibada ya sanamu? Lewis alimjibu haraka. Alieleza kwamba matendo ambayo mtoto anayapenda kwa simba ni matendo ya Yesu, basi anampenda Yesu bila kujua. Lakini hakuishia kujitetea. Aliomba mtoto amwombee yeye, kama vitabu vyake vimeleta shida kwa watoto wengine. Waandikaji wachache wanakubali kwamba hadithi nzuri inaweza kumwumiza mtu.

Kisha yakaja majaribu yake ya mwisho. Alikuwa ametoka Oxford kwenda kuwa profesa wa Cambridge, 1954. Mwaka 1956 alimwoa Joy Davidman, Mmarekani wa uzao wa Kiyahudi, aliyekuwa mkomunisti mbele ya kumwamini Kristo. Kansere ikaonekana katika mifupa yake. Mwezi wa tatu 1957, kwenye kitanda cha lopitali, padri wa Kianglikana aliwafungisha ndoa ya kanisa, akamwekea Joy mikono na kuomba. Waganga walikuwa wamekata tumaini. Joy akaanza kupata nguvu, mifupa ikajijenga, akatembea.

Mtu mwingine angeandika kitabu cha ushuhuda, angetembeza kanuni ya maombi hayo katika kila mji. Lewis aliandika makala moja, ikatoka Januari 1959. Alisimulia kule kupona, kisha akakataa kukufanya kuwa kanuni. Alisema kama sala ingepata jibu tunalotaka kila mara, isingehakikisha Ukristo. Ingehakikisha kitu kama uchawi, kwamba kuko watu wenye nguvu ya kulazimisha mambo. Na alikumbusha kwamba katika Getsemane mtakatifu kuliko wote aliomba kikombe kiondolewe, nacho hakikuondolewa.

Mwishoni mwa mwaka ule ugonjwa ukarudi. Walisafiri pamoja mpaka Ugiriki mwezi wa nne 1960, na Joy akafa tarehe 13 Julai. Kitabu cha kilio alichoandika baadaye, mwaka 1961, alikitoa kwa jina lisilo lake. Ndani yake anamgombeza Mungu, anagonga mlango na kusikia unafungwa kwa ndani. Hakwenda kwa mwita-wafu kutafuta sauti ya Joy, ingawa inchi yake haikukosa watu wa kazi hiyo, naye aliijua njia yao tangu utoto. Rafiki wengine, bila kujua nani amekiandika, walimpa kitabu kile kile asome apate faraja.

Alikufa nyumbani kwake tarehe 22 Novemba 1963, jioni, muda kidogo nyuma ya kaka yake kumpelekea chai. Siku hiyo Rais Kennedy aliuawa Dallas, na magazeti hayakuwa na nafasi ya mwalimu mzee wa Cambridge. Alizikwa kwenye uwanja wa kanisa lake huko Headington. Juu ya jiwe Warren aliandikisha neno la Shakespeare, lile lililokuwa kwenye kalenda ya baba yao, Belfast, siku mama yao alipokufa.